Jetoni za Wenye Kuona

Jetoni za kupimwa macho zilikuwa tano, vipande vya katoni vyenye muhuri wa kituo cha afya, na wagonjwa wa sukari katika shirika lile la kanisa, mtaa wa Vulamba, walikuwa kumi na mmoja. Emérence alizipanga juu ya kitambaa cha meza, akazipangua, akazipanga tena. Yeye ndiye aliyeshika kamati ya wagonjwa ya shirika. Mama aliyemtangulia aliiacha kazi hiyo kwa aibu, baada ya majembe ya msaada kuonekana yote kwenye mashamba ya wakwe zake. Watu wa Vulamba husahau mengi, lakini majembe yale hawakuyasahau.

"Ile timu ya macho beko na mashine ya kupiga jicho foto, kule nyuma ndani," alimwambia mumewe. "Ni bure. Banasema batu ba sukari bote banapashwa kupita kila mwaka, hata kama habasikie shida."

Vagheni alikuwa akifunga begi. Kesho yake angeshuka Beni, maana msimu wa kakao ulikuwa umefunguka na bosi wa depo alikwisha kumpigia simu mara tatu. Kazi yake huko ilikuwa kukata. Gunia likiletwa, alichota punje hamsini, akazipasua moja moja kwa kisu, akatazama ndani. Ya kahawia ni nzuri, ya zambarau ilikaushwa kabla ya kuchacha, yenye weupe wa ukungu ni hasara. Bei ilipanda au kushuka kwa neno lake, na kwa miaka kumi na minne hakuna mkulima aliyemwita mwizi. Sukari alikuwa nayo mwaka wa tisa.

"Mimi niko naona muzuri," alisema. "Leta sindano."

Emérence alimpa ile aliyokuwa akishonea. Vagheni aliiinua kuelekea dirishani, akapitisha uzi mara moja, bila hata kulamba ncha yake, akamrudishia huku akicheka.

"Umeona? Muzee Kataliko anagusa-gusa kibambazi kama anaenda ku choo, na wewe unataka mume wako, mwenye anapitisha uzi ku sindano, njo apite ku mashine? Batasema nini?"

Batasema nini. Ukweli usemwe: Emérence alifurahi kusikia hivyo. Usiku mbili zilizopita alikuwa amelala vibaya, akijiuliza atalisomaje jina la mume wake mbele ya watu, na sasa mume mwenyewe amemtoa kwenye aibu hiyo. Jetoni nne aliwaandikia wale wenye hali mbaya kupita wote. Ya tano akampa muzee Kataliko, ambaye macho yake yalizimika miaka sita iliyopita na madaktari watatu walikwisha kumwambia hakuna la kufanya.

Aliposoma majina jioni hiyo baada ya sala, watu walipiga makofi. Hakuna hata mmoja wa nyumba yake, walinong'onezana. Emérence alirudi nyumbani akiwa mwepesi, akapika sombe ya majani ya muhogo na kuitia mafuta ya mawese mengi kuliko kawaida.

 

Asubuhi yake, ndiyo siku ya macho, alimshika mkono muzee Kataliko, akamfikisha kituoni mwenyewe. Infirmière Hadassa, muuguzi wa hospitali ya macho aliyesaidiana na timu, mwanamke mrefu asiye na maneno mengi, alimmulika muzee kwa tochi ndogo, jicho moja, kisha la pili. Akaizima tochi. Akamwita Emérence pembeni, karibu na ndoo ya kunawia mikono.

"Mama, jicho ya muzee huyu ilikufa zamani. Na bale babili pale ni vile vile. Mbona munaniletea batu benye habaone tena?"

"Ni benye kuteseka zaidi, muganga. Siye tunaanzaka na bao."

"Najua ni roho muzuri." Hadassa alishusha sauti, maana benchi zima lilikuwa limenyamaza kusikiliza. "Mais lakini hii mashine haifufue jicho. Inatafuta mishipa yenye inavuja damu kule nyuma, wakati mutu angali anaona muzuri na hasikie kitu. Hapo njo tunaweza kuchoma na laser, ibakie pale pale. Akisha kusema sioni, tumechelewa. Mwenye kuona njo anapashwa kuwa wa kwanza. Sasa niko na nafasi mbili zimebakia. Uko na mutu wa sukari mwenye anaona?"

Alikuwa naye. Emérence alitoka uani na kupiga simu. Vagheni alipokea, kelele za injini zikiwa nyuma yake. Alikuwa parkingi, amekwisha kupanda kwenye lori la Jéthro, shemeji yake, na begi lake lilikuwa chini ya magunia ya viazi.

"Nishuke gari juu ya macho yenye iko muzima? Bosi ananingojea. Mwaka kesho, Mama Bénite," alisema, akimwita kwa jina la binti yao.

Emérence aligeuka. Kupitia dirishani aliwaona wale wa benchi wakimtazama. Akajiona akirudi mle ndani na mume wake, baada ya makofi yale yote, akimkalisha kwenye kiti ambacho wengine watano wa shirika hawakukipata. Angeweza kusema, Shuka. Vagheni alikuwa mtu wa kununa, lakini angeshuka.

"Basi," alisema. "Safari njema."

 

Mwaka uliofuata timu iliyoleta mashine toka mbali haikuja. Barabara ilikuwa na risasi, na hakuna aliyetaka kuhatarisha mashine ile moja. Emérence aliuliza kituoni mara mbili, akaambiwa angoje. Hospitali ya macho ilikuwepo mjini, mwendo mfupi wa pikipiki tu kutoka Vulamba, lakini mtu anayeona vizuri anakwendaje kulipia fishi ya kumwona daktari wa macho? Vagheni alichekelea wazo hilo, na mkewe hakulirudia.

Novemba, Beni, ndani ya depo lenye bati lililoshuka chini na joto la kukausha koo, Vagheni alipasua punje akaona uzi mweusi ukielea juu yake. Alipuliza. Uzi ukabaki. Alifuta kisu kwenye suruali, akapasua nyingine, na uzi ukahamia huko pamoja na jicho lake. Kufika saa sita nyuzi zilikuwa nyingi. Baada ya siku nne ukaja moshi, kama jiko la kuni lililowashwa ndani ya nyumba isiyo na dirisha.

Hakumwambia mtu. Kwa wiki tatu alikata kwa pua na vidole, maana ukungu una harufu yake na punje mbichi ina ugumu wake, na mara nyingi alipatia. Kisha akaja Sophie, mjane aliyekuwa akimletea kakao tangu mwanzo, na gunia moja tu.

"Hii imeoza," Vagheni alisema. "Nusu bei."

"Papa Vagheni, angalia tena. Nilianika mi mwenyewe siku saba, mvua hata haikuinyeshea."

"Nimesha angalia."

"Angalia tena, tafazali."

Bosi alisogea. Alichukua kisu, akapasua punje sita za Sophie, zote kahawia safi. Akamtazama mkataji wake kwa muda mrefu kuliko ilivyo kawaida ya watu kutazamana. Akaweka kwenye kiganja cha Vagheni nusu ya punje ya Sophie na nusu nyingine ya gunia la jirani, mbele ya wapakizi, mbele ya wakulima waliopanga foleni.

"Hii ni rangi gani?"

"Kahawia," alijibu Vagheni.

"Na hii?"

"Kahawia."

"Ile ya pili ni violet, papa. Hata mutoto anaiona."

Mpakizi mmoja alicheka, akanyamaza alipoona amecheka peke yake. Sophie ndiye aliyezungumza. "Hapana mufanyie vile mbele ya batu. Huyu papa hakuniibiaka hata siku moja." Vagheni angeweza kustahimili kicheko, lakini kutetewa na mwanamke ambaye yeye mwenyewe alikaribia kumdhulumu kulimmaliza nguvu. Bosi hakuwa mtu mbaya. Alimlipa mpaka siku ile, akamwita kando kumpa pole, na kisu akabaki nacho, maana kilikuwa cha depo.

Vagheni alipanda kurudi Butembo, mjini kwao, katika lori la Jéthro. Jéthro alikuwa mdogo wake Emérence, bonge la mtu, na yeye pia alikuwa na sukari, mwaka wa tatu, ingawa alikunywa pombe ya kasiksi akisema ni ndizi tu. Njia nzima alizungumza, akionyesha hiki na kile nje ya kioo, na Vagheni akaitika ndiyo, ndiyo, kwa vitu asivyoviona.

"Hapana sema kitu kwa dada yako," alisema walipoingia mjini.

"Kitu gani, shemeki?"

Vagheni akatambua kwamba hata Jéthro hakuwa amegundua.

 

Siku nne alikaa nyumbani akisema msimu umekuwa dhaifu. Siku ya tano Emérence alikuwa akishona pindo la iniformi ya Bénite, binti yao, uzi ukakatika. Alimnyoshea mumewe sindano bila kumtazama, kama alivyofanya kila mara katika ndoa yao.

Vagheni aliinua sindano kuelekea dirishani. Alilamba uzi. Akafumba jicho moja, akajaribu. Akafumba la pili, akajaribu. Emérence alipoinua uso aliona mkono wenye uzi ukipita kando ya sindano, mbali, kama mtu anayetafuta kitasa gizani.

"Tangu lini?"

"Tangu Novemba."

"Na ulinyamaza?"

"Nilizani itapita."

Kesho yake walikuwa hospitali ya macho. Hadassa ndiye aliyewapokea. Alimtia Vagheni matone ya kufungua mboni, wakangoja nusu saa, akampeleka kwa daktari, akarudi naye na karatasi. Alieleza taratibu, akimwangalia mgonjwa na si mke wake.

"Jicho ya kuume imejaa damu, na ile ngozi ya nyuma imevutwa mpaka imebanduka. Operesheni yake haifanyikake hapa, ni mbali sana, na ni dola mingi. Ya kushoto ingali kidogo. Tutajaribu laser. Mais sikudanganye, papa, tunakimbiza kitu chenye kilisha tangulia."

"Kama angekuya ule mwaka wa jetoni?" Emérence aliuliza.

Hadassa alichukua kalamu. "Ule mwaka labda tungekamata mapema. Labda leo angekuwa anafanya kazi yake." Kisha, akiandika, bila nia yoyote mbaya, akauliza, "Mbona hakupata? Shirika yenu ilikuwa na tano."

Chumba kilikuwa na wagonjwa wengine watatu. Emérence alisema kwa sauti ambayo wote waliisikia. "Mimi njo niligawanya. Nilimunyima."

Mkono wa Vagheni ulipapasa mpaka ukapata goti lake. "Nilikatala mi mwenyewe," alimwambia Hadassa.

Waliuza shamba la viazi la Masereka, lile aliloachiwa Emérence na baba yake, kwa binamu aliyejua wazi kwamba hawana muda wa kubishania bei. Vagheni alipita laser mara nne. Alikubali sindano za insulini, akaacha bia, akala bugali kidogo iliyopimwa kwa kikombe, akafanya yote aliyoambiwa kwa miaka kumi bila kuyafanya. Jicho la kushoto lilimngojea mpaka baada ya Pasaka, kisha likafuata lingine. Alibaki akijua tu kama dirisha limefunguliwa au limefungwa. Wageni waliokuja kumpa pole walisema naye kwa sauti kubwa, kana kwamba ni masikio yaliyoharibika, na Bénite, msichana wa miaka kumi na mitano, akajifunza kumpeleka baba yake chooni na kusubiri nje akiwa amewageuzia jirani mgongo. Hilo la choo ndilo lililomliza Emérence kuliko shamba.

 

Timu ilirudi Septemba. Safari hii jetoni zilikuwa nne. Shirika lilikutana uani kwa Emérence, na kabla hajafungua mdomo muzee Kataliko aligonga fimbo chini.

"Ya kwanza ni ya Vagheni. Ule mwaka mama huyu alinipatia mimi, akaacha mume wake. Leo tumurudishie."

Makofi yalilipuka. Kulikuwa na wanawake waliofuta machozi. Vagheni alikuwa amekaa kwenye kiti chake kando ya mlango, uso ameuinua kidogo kufuata sauti, na hakuna aliyeweza kujua anawaza nini. Emérence alingoja makofi yaishe.

"Hapana," alisema. "Wasingya, asante, muzee. Mais mume wangu haiko tena na jicho ya kupiga foto. Na wewe pia, unisamehe. Nilikupeleka bure ule mwaka, juu sikutaka batu banisemeshe. Jetoni ni ya benye kuona."

Sauti moja nyuma ilisema, "Anamunyima tena," na hakuna aliyeikemea. Emérence alisoma majina. Watatu walipokea, wakitazama chini kama watu wanaopewa kitu cha wizi. Jina la nne lilikuwa la mdogo wake.

Jéthro alisimama. "Mimi niko naona muzuri," alisema.

Vagheni aligeuza kichwa.

"Mimi ni shoferi, dada. Ningekuwa na jicho mubaya ningesha kufa kwa ile barabara. Kesho kutwa niko na mizigo ya Beni, na dawa yabo inafungaka macho muchana muzima. Na wewe, aibu haikushike? Mume wako amekaa pale, mbele ya batu, na unanipatia mimi?" Alitema mate pembeni, akaondoka bila kuaga. Watu walimfuata mmoja mmoja, na chai aliyokuwa ameiandaa Emérence ikabaki kwenye thermos.

Walipobaki peke yao Vagheni alisema, "Nipe ile jetoni ya ine."

"Ya kufanya nini?"

"Nipe tu, Mama Bénite."

 

Asubuhi Vagheni alimtuma Bénite kumwita mjomba wake. Jéthro alimkuta ameshavaa, shati safi, jetoni mfukoni.

"Shemeki, nipeleke ku centre. Dada yako alikatala, mais niko na jetoni. Mi sioni njia."

"Twende," Jéthro alisema kwa sauti ili dada yake aliyekuwa jikoni asikie. "Mimi sina roho kama ya batu bengine."

Alimshika mkono kwa upole usiotarajiwa kwa mtu mkubwa vile, akimwambia hapa kuna shimo, hapa kuna maji. Kituoni alimkalisha kwenye benchi, akaketi naye, akamlaani dada yake kidogo. Mlango ulipofunguka, Hadassa alichukua jetoni mkononi mwa Vagheni, akamtambua, na uso wake ukaingia majonzi.

"Papa, mais wewe..."

"Haiko mimi," alisema Vagheni. "Ni huyu mwenye alinileta. Jina yake ni Jéthro. Sukari, mwaka wa ine."

Jéthro aliruka wima. "Shemeki, umenidanganya!"

"Ndiyo."

"Mimi naenda."

"Enda basi. Mais uniache na nani? Mi sioni njia ya kurudi."

Benchi zima lilikuwa likitazama. Jéthro alitazama mlango, akamtazama kipofu aliyemleta mwenyewe, ameweka mikono juu ya magoti, akisubiri kama mtu mwenye siku nzima. Akajikuta hawezi. Aliingia ndani akinung'unika, akakaa kwenye kiti, na Hadassa akamtia matone yale yale ya kufungua mboni.

Foto ilipotoka Hadassa aligeuza kioo cha mashine aone mwenyewe: duara la rangi ya chungwa bivu, na ndani yake vidoa vyekundu, vinane au tisa, vidogo kama vilivyodondoshwa na ncha ya sindano.

"Ile ni damu," alisema. "Mu macho yote mbili. Ingali mapema, tunaweza kuzuia. Wiki kesho utakuya kwa laser, na sukari tutaipima tena leo, na ile kasiksi unaacha."

"Mais mimi niko naona muzuri," alisema Jéthro. Mara hii aliisema kama mtu anayeuliza.

Walitoka saa tano, jua likiwa kali. Jéthro alipiga hatua mbili uani akasimama, mkono usoni. Mwanga ulimjia wote mara moja, mweupe, na watu ndani yake wakawa vivuli visivyo na nyuso. Aligonga toroli la muuza ndizi, akaomba msamaha upande usio na mtu. Vagheni akamshika kwenye kiwiko, na wakaenda hivyo, kila mmoja amemshika mwenzake, bila kujulikana nani anamwongoza nani. Watoto wa shule walisimama kuwacheka.

Emérence alikuwa amekuja kuwapokea. Tangu asubuhi alikuwa amesimama kwenye kona ya barabara na kitambaa chake begani. Alimtazama mdogo wake anayetokwa na machozi ya jua, akaelewa, akaingia katikati yao, akamshika mmoja mkono wa kuume na mwingine wa kushoto.

Walipandisha kilima polepole. Jéthro, ambaye hakuwahi kunyamaza njia nzima maishani mwake, alinyamaza mpaka karibu na kanisa. Pale akajikwaa jiwe, akasimama, akihema.

"Shemeki," alisema. "Njo hivi iko kwako kila siku?"

"Hapana," alisema Vagheni. "Yako itaisha mangaribi."